Treni ya Kulala, Treni ya Kurara

Theuri hakuwa na gari. Hakuwa na shamba la maana, ila kipande cha kahawa kule Gakindu ambacho ndugu zake walimwachia kwa kuwa kilikuwa mteremkoni na mbolea yake yote ilikimbilia mtoni. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Kile kilichoning'inia sebuleni kwake Skuta, mtaa wa Nyeri, ndani ya fremu aliyoiunda kwa mikono yake, alikipata kwenye masomo ya jioni, baada ya kushinda kutwa akishonea watu makochi. Hakuwa ameiona bahari. Hakuwa na subira na mtu asemaye "kitabu yangu" mbele yake. Na hakuwa na herufi L, ingawa hilo la mwisho, siku hadithi hii inapoanza, alikuwa bado hajaambiwa.

Upungufu huo wote alikuwa ameuzoea. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu: hakuwa na njia ya kumfikisha mkewe Mombasa.

Mkewe, Wakiuru, aliteleza msimu wa mvua akichuma kahawa kwenye mteremko huo huo, akaangukia mgongo. Alitibiwa vizuri, akapona kadiri alivyoweza kupona. Aliweza kutembea mpaka langoni na kurudi. Aliweza kulala hata siku nzima bila maumivu. Kitu ambacho mgongo wake ulikataa kabisa ni kiti. Akikaa kitako kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, maumivu yalimpanda mpaka shingoni na macho yakamtoka machozi.

"Mama, wewe sasa ni mtu wa kusimama ama kulala," daktari alimwambia. "Hapo katikati hapapo."

Theuri akamtengenezea kochi refu lisilo na mkono upande mmoja, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akaliweka chini ya dirisha. Kutoka hapo Wakiuru aliendesha nyumba, akawasalimu wapita njia kwa majina, na akasuka viondo vya mkonge akiwa amelala ubavu.

Kiondo alichokuwa akisuka wakati huo kilikuwa kidogo, cha kumtosha mtoto. Binti yao kitinda mimba, Anita, ni muuguzi Mombasa, na alikuwa amejifungua mtoto wa pili, msichana tena. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, na wa pili jina la mama wa mke. Kwa hiyo huko Mombasa, mahali ambapo Wakiuru hajawahi kukanyaga, palikuwa na Wakiuru mwingine mwenye meno mawili.

"Mama, nitamleta Disemba," Anita alisema kwenye simu.

"Kumleta kama kuku? Wa kwanza uliniletea akiwa tayari anakimbia, nikanyamaza kwa sababu yule ni mama ya wenyewe. Huyu ni mimi. Mtoto akizaliwa, wanawake huenda kumwona na uji wao. Mimi nitajiendea mwenyewe."

"Utakuja na nini, Mama? Basi ni kukaa. Ndege ni kukaa."

"Muulize baba yako. Yeye ndiye amesoma."

Theuri alikuwa amejaribu. Alimpakia mkewe kwenye basi mara moja, wakafika Karatina, maumivu yakawarudisha nyumbani. Alitaja gari la wagonjwa, na Wakiuru akamwambia kwamba hawezi kwenda kumsalimu mtoto akiwa ameingizwa kwenye gari la ving'ora, watu wa Mombasa wadhani ameenda kufa kwao.

Mambo yalikuwa hivyo asubuhi ile redio ilipotangaza kwamba kuna kamati inayokusanya maoni ya wananchi kuhusu usafiri wa reli. Maoni yaandikwe kwa barua, yatiwe posta kabla ya mwezi kuisha. Waandishi wa barua nzuri huenda wakaitwa Karatina kuzisoma mbele ya kamati.

Theuri alizima redio, akavaa koti na kushuka mjini kwa Ambalal.

Duka la Ambalal huuza mablanketi, magodoro na vitambaa, na lilianzishwa na babu yake. Theuri amekuwa akinunua sponji kwake tangu ndevu zao wote wawili zikiwa nyeusi. Ambalal huzungumza Kikuyu kizuri kuliko vijana wengi wa Skuta, lakini na Theuri huzungumza Kiswahili, kwa sababu Theuri hukipenda.

"Niambie tena ile habari ya treni ya usiku," Theuri alisema.

"Ya mimi na Chandrika?" Ambalal aliweka mkasi chini. Ni hadithi aliyokuwa ameisimulia mara nyingi na hakuwahi kuichoka. "Tumeoana juzi. Baba ananunulia sisi tikiti, kachumba kadogo, vitanda mbili, moja juu ya ingine. Jioni tunakula na sahani za kweli. Tukirudi, mtu ametandika. Shuka nyeupe. Chandrika anaangalia, anachukua kitanda ya chini. Ananiambia, 'Panda juu.' Siku za kwanza za ndoa, fundi! 'Panda juu!'"

Kutoka nyuma ya duka sauti ya Chandrika ilisema, "Na ulikoroma mpaka Voi."

"Nilikoroma, ndio. Nililala kama mtoto. Kuamka, jasho iko kwa shingo, nikajua tumefika chini. Hakuna kuchoka. Ni kama mtu alikuja usiku akasukuma Mombasa karibu na kitanda yangu."

"Mtu alikuwa amelala kabisa? Amenyoosha mgongo?"

Ambalal alimtazama rafiki yake, akaelewa. "Kabisa," alisema polepole. "Kama kwa nyumba."

Theuri alirudi nyumbani akiwa na barua nzima kichwani. Hakutaka kuomba jambo dogo. Aliona ya kwamba treni ya abiria inapanda kutoka Nairobi mpaka Nanyuki, nayo ni nzuri, lakini ni ya viti. Aliona ya kwamba usiku ni barabara pana ambayo watu wa mlimani hawaitumii ila kwa hofu, macho yakiwa kwenye taa za magari yanayokuja. Je, mkulima wa Mukurweini akipanda jioni Karatina akiwa na usingizi wake, na kushuka asubuhi Mombasa akiwa na akili yake? Na wa Nanyuki aende Kisumu hivyo hivyo, na wa Kisumu aje kuuona mlima? Mtu angeokoa mchana wake mzima. Miji yetu ingekuwa jirani bila hata kujenga mji mpya.

Aliandika hayo yote kwa mwandiko wa masomo ya jioni, herufi zikiwa zimeinama kidogo kulia kama watu wanaopanda kilima. Wakiuru alimsikiliza akisoma.

"Mimi niko wapi hapo ndani?" aliuliza.

"Wewe ni mwananchi. Wananchi nimewataja."

"Hm," Wakiuru alisema, akarudi kwenye kiondo chake.

Theuri aliona kwamba barua ya mtu mmoja ni kama kochi la mguu mmoja. Alihitaji majina. Basi Jumapili, baada ya ibada, alikwenda Kiganjo, ambako reli inapita na ambako treni husimama kwa ajili ya watu wa Nyeri. Karibu na stesheni alikusanya watu penye kibanda cha Gathoni, mama anayeuza chai na chapati. Alikuwapo pia Kahiga, mwenye vyumba vya kukodisha, mtu wa sauti nzito ambaye akikubali jambo wengine hukubali nyuma yake.

"Ongea na Kikuyu, Mzee," Gathoni alisema. "Sisi wote ni wa nyumbani."

"Jambo la serikali husemwa kwa lugha ya serikali," alijibu Theuri, akavua kofia.

Alizungumza kwa Kiswahili safi alichofundishwa na mwalimu Muriithi wa masomo ya jioni, asiache neno, na alipofika penyewe aliinua mkono na kusema kwa nguvu kwamba sisi watu wa mlimani tunataka treni ya kulala.

Hivyo ndivyo alivyojisikia akisema. Lakini ulimi wa Theuri uliumbwa Gakindu, na kilichotoka kinywani ni, "Tunataka treni ya kurara!"

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aambiwe. Kwa Kikuyu, kurara si kusinzia. Kurara ni kupitisha usiku mahali, kama afanyavyo mgeni aliyekutwa na giza: huambiwa arare, naye hupewa chakula na pa kuweka kichwa, na asubuhi huenda zake akiwa amewaachia wenyeji baraka.

Watu wakapiga makofi ambayo Theuri hakuyatarajia.

"Irare hapa hapa Kiganjo?" Gathoni aliuliza, macho yakimng'aa.

"Hapa hapa! Na Karatina, na Nanyuki!" alijibu Theuri, akidhani anaulizwa vituo vyake.

"Kila siku?"

"Kila usiku!"

"Na dereva wake je?" Kahiga aliuliza. "Na hao watu wa tikiti? Wao watarara wapi?"

Theuri alicheka. "Kila mtu atapata pa kulala, Kahiga. Hata wewe ukitaka."

"Mimi niko na vyumba," alisema Kahiga, akiwa mtu wa kwanza kuchukua kalamu.

Wote walitia sahihi. Ajuza mmoja alitia kidole gumba mara mbili ili kionekane vizuri. Theuri alirudi Skuta akitembea kama mtu aliyechaguliwa diwani, akamwambia mkewe kwamba watu wakielezwa jambo kwa lugha iliyonyooka, hulielewa.

Siku chache baadaye alirudi Kiganjo kutafuta majina zaidi. Alimkuta Gathoni akiwa na jiko jipya, kubwa, la kuweza kupika kwa ajili ya harusi, na nyuma ya kibanda fundi akipiga misumari kwenye mabati.

"Napanua," alisema Gathoni kwa furaha. "Hiyo treni ikirara hapa, watu wake watakunywa chai saa ngapi? Usiku wote! Na Kahiga anapiga plasta vyumba zingine. Enda umuone."

"Ikilala hapa?" Theuri alishangaa. "Gathoni, treni hailali. Ni watu ndio wanalala. Ndani yake. Yenyewe inakwenda."

Gathoni alisimama na mwiko mkononi. "Inaenda wapi?"

"Mombasa. Kisumu. Inapita hapa jioni, watu wanapanda, wanalala."

"Inapita?"

"Inapita."

"Kahigaaa!" Gathoni aliita, na Kahiga akatokea na plasta mpaka kwenye nyusi. "Kahiga, kuja usikie! Ati inapita!"

Watu walikusanyika kuliko Jumapili. Kahiga aliposikia habari alipangusa mikono kwenye suruali taratibu, kama mtu anayejizuia.

"Mzee Theuri. Ulisimama hapo. Ukatoa kofia. Ukasema treni itarara Kiganjo."

"Sikusema hivyo."

"Tulisikia na masikio yetu. Ulisema kurara."

"Si kurara!" Theuri alipandisha sauti. "Ni kurara!"

Watu walitazamana.

"Rudia, Mzee," alisema Gathoni kwa upole wa ajabu.

"Nasema, neno nililotumia si ku-ra-ra. Ni ku..." Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Theuri alikuwa amelisikia neno kabla halijatoka. Alijaribu tena, polepole, akiuweka ulimi mahali alipodhani ni pake, na wote wakalisikia likitoka na R zake mbili, safi kabisa.

Aliyeanza kucheka ni ajuza wa vidole gumba viwili. Kisha wakacheka wote, isipokuwa Kahiga aliyekuwa na plasta, na Theuri mwenyewe.

"Sisi hatuna ubaya na wewe, Fundi," Gathoni alisema walipotulia. "Lakini mimi nilitia jina yangu kwa treni ya kurara. Hii ingine inatupita usiku na watu wameshiba, mimi sikuitia. Toa jina yangu."

"Na yangu," alisema Kahiga. "Na ya hawa wote. Alhamisi tutakuja kwako Skuta, kila mtu akate yake na mkono wake."

Mwezi ulikuwa unaishia Ijumaa.

Theuri alimweleza mkewe akiwa amesimama nyuma ya mlango, koti halijavuliwa. Wakiuru alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika mgongo.

"Usinichekeshe, naumia. Baba Anita, kweli hukujua?"

"Wewe ulijua?"

"Toka uliponiposa. Nilidhani unafanya makusudi, ati ndiyo mtindo wa watu wa shule ya jioni. Hebu sema 'reli'."

"Reri."

"Re-li."

"Le-ri," alisema Theuri, akatoa jasho.

"Umekaribia. Herufi zote ziko, zimebadilishana tu viti." Akapangusa macho. "Keti hapa. Wewe una mgongo wa kuketi."

Theuri aliketi kwenye kigoda karibu na kochi. Alikuwa akifikiria karatasi ya majina itakayobaki na mistari tu, na kiondo kidogo ambacho sasa kilikuwa kimebakiza mshipi.

"Naweza kupeleka barua bila majina," alisema mwishowe. "Lakini watasema ni ya mzee mmoja mwenye ndoto zake."

Wakiuru alikuwa akitazama dari kwa namna aliyoizoea tangu aanguke. "Hiyo treni ya vitanda," alisema, "ikifika Nanyuki asubuhi, mchana hukaa wapi?"

Hilo Theuri hakuwa ameliwaza.

"Kitu kimetembea usiku kucha. Lazima kisimame mahali mpaka jioni nyingine. Na shuka zake, nani anafua? Zinakauka wapi? Nani anatoa makombo, nani anajaza maji? Mimi nalala, Baba Anita. Najua kitanda kimoja kina kazi ngapi, kwa sababu nakuona ukizifanya. Sasa piga hesabu ya gari zima la vitanda."

"Lakini treni inaishia Nanyuki."

"Nani alisema lazima iishie Nanyuki? Ni wewe unaandika. Nyingine zianze Nanyuki, nyingine zianze hapa kwetu. Kiganjo kuna upepo wa kukausha shuka mpaka mtu ashangae. Wakija Alhamisi, usiwape kalamu. Wape nduma za kuchemsha na chai, kisha uniachie mimi. Na tutaongea Kikuyu."

Walikuja Alhamisi, Gathoni na Kahiga wakitangulia, wengine wakijaa uani. Ambalal naye alikuja, kwa sababu habari ilikuwa imefika dukani, akiwa amebeba blanketi begani. Wakiuru aliwapokea akiwa amelala, kitambaa kipya kichwani. Waliagizwa wale kwanza. Ni vigumu kumdai mtu jina lako mdomo ukiwa umejaa nduma.

Kisha akawauliza swali lile lile alilomuuliza mumewe. Mazungumzo yale yalikuwa kwa Kikuyu, na nayaweka hapa kwa Kiswahili.

Kahiga alikuwa wa kwanza kuona. "Kwa hiyo itakaa kwetu mchana?"

"Ifike alfajiri, ikae mchana, iondoke jioni."

"Na wanaoifagia?"

"Watatoka wapi, Kahiga? Watapanga vyumba wapi?"

Kahiga alitafuna polepole.

"Mimi nilitaka ya usiku," alisema Gathoni. "Mtu wa usiku ndiye hunywa chai."

"Na mtu aliyetoka Othaya na mizigo, akingoja treni ya jioni na watoto wawili, hanywi? Na aliyeshuka alfajiri kutoka joto la Mombasa na kigauni chepesi, akakutana na baridi yetu ya Julai? Huyo atakunywa hata maji ya kuoshea vikombe."

Gathoni alicheka kabla hajajizuia. "Jiko nimeshanunua, hata hivyo."

"Mablanketi yatoke Nyeri," Ambalal aliingilia, akilitandaza lake miguuni pa Wakiuru. "Gusa. Hiyo treni ikiwa na haya, watu hawatataka kushuka."

"Swali moja," alisema Kahiga, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Reli yetu hii ni nyembamba. Ile mpya ya Nairobi kwenda Mombasa ni pana. Treni itaruka vipi?"

Wote wakamgeukia Theuri. Hilo alikuwa amelifikiria.

"Ile ya zamani bado inateremka mpaka baharini," alisema. "Wenye ujuzi wakiona inafaa kutengenezwa, vyema. Wakiona haifai, basi Nairobi watu washuke kwenye kitanda kimoja, watembee kidogo, wapande kingine. Kutembea si taabu. Taabu ni kukaa." Hakumtazama mkewe aliposema hivyo, lakini kila aliyekuwa sebuleni alimtazama, na kochi, na kile kiondo kidogo juu ya mto, na ndipo watu wa Kiganjo walipojua ni treni ya nani.

Gathoni aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni ya kwenda kumuona yule mtoto wa jina?"

"Ni mimi mdogo," alisema Wakiuru. "Ana meno mawili na hanijui."

Kahiga alikohoa, akaweka kikombe chini. "Basi irare mchana," alisema, "na watu walale usiku. Jina langu libaki. Lakini Kiganjo itajwe."

"Itatajwa," alisema Theuri, na kwa kuwa hilo halikuwa na R wala L ya kumsumbua, alilisema kwa heshima yake yote ya zamani.

Asubuhi ya Ijumaa aliandika barua upya. Alikuwa ameandika "treni ya kulala" pale juu, na Wakiuru, aliyekuwa akisomewa, akamsimamisha.

"Futa hiyo. Andika 'treni ya vitanda'."

"Karatasi haina ulimi, Mama Anita. Kwenye karatasi iko sawa."

"Na wakikuita Karatina uisome mbele ya kamati? Watajenga gesti."

Theuri alifikiri, akafuta. Treni ya vitanda. Alilitamka neno mara kadhaa, likapita bila kugonga popote. Akaendelea kwa furaha: treni za vitanda za usiku ziongezwe kati ya miji yetu, ziteremke kutoka Nanyuki na Kiganjo kupitia Karatina na Nairobi hadi Mombasa, na nyingine zielekee Kisumu, mchana zipumzike Kiganjo, ambako kuna maji, upepo, watu wa kufua na wa kupika, na vyumba vilivyopigwa plasta hivi karibuni. Akabandika karatasi ya majina nyuma. Hakuna lililokatwa.

"Sasa nipe nitie langu," alisema Wakiuru.

Alimwekea barua juu ya ubao wake wa kukatia vitambaa, na Wakiuru akaandika akiwa amelala chali, mikono juu, kalamu ikigoma kwa sababu ilikuwa imeelekezwa mbinguni. Alichukua muda mrefu kuliko jina lake linavyohitaji. Alipomrudishia, Theuri alisoma, chini kabisa, baada ya maneno yote ya miji na wananchi: *Mimi ni Wakiuru wa Skuta, siwezi kukaa kitako. Naomba kitanda cha chini.*

Theuri alivua miwani. Barua ya serikali haiandikwi hivyo. Mwalimu Muriithi angeitia alama nyekundu. Mambo ya nyumbani huachwa nyumbani, na ombi la watu wengi halimaliziki kwa mgongo wa mtu mmoja. Alifungua kinywa aseme.

"Hiyo treni ni ya kubeba nani?" Wakiuru aliuliza, akitazama dari.

Alivaa miwani tena na kusoma mstari ule upya, akaona kwamba barua yake yote, pamoja na mbio zake zote za Kiganjo, ilikuwa inajaribu kusema jambo hilo moja na ilikuwa imeona haya kulisema. Akaikunja karatasi vizuri, pande zikikutana.

Simu iliita, alikuwa Anita. Wakiuru akaiweka sikioni bila kuinuka. "Mwambie huyo mimi mdogo asiwe na haraka ya kuota meno," alisema. "Nimeandika barua. Nimeomba kitanda."

Kisha akaunyoosha mkono kuitaka bahasha. "Lete. Ni mimi nasafiri." Akailamba gundi mwenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Theuri akaigandamiza kwa kidole gumba kile kile kilichogandamiza misumari ya makochi maisha yake yote.

Aliteremka mjini kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeondoka na mlima ulionekana wote, mweupe kichwani. Mbele ya posta alibandika stempu, akasoma anwani mara ya mwisho, akaisukuma bahasha kwenye tundu la sanduku. Akasimama hapo, kofia mkononi, mpaka akaisikia ikitua juu ya barua nyingine.